Hewa imesingiziwa: kinachopasua vyungu vya wanafunzi ni maji

Tanuri limefunguliwa. Ndani mna vyungu 35 vizima, na mahali pa cha 36 pana rundo la vigae. Kabla hata vigae havijapoa, hukumu imeshatolewa: "Hukukanda vizuri, kulikuwa na hewa ndani." Mwanafunzi anainamisha kichwa, na kosa lenyewe linabaki pale pale likingoja uchomaji ujao. Hukumu hii nimeisikia kwa walimu wa sanaa, kwa wazazi, kwa wafinyanzi wa siku nyingi, na siku hizi inabandikwa ukutani kama kanuni ya darasa. Naiandikia sasa ili atakayeileta tena nimtumie ukurasa huu, nami nipumzike.

Tuanze na hewa, maana ndiye mshtakiwa. Ifungie kwenye shimo lisilo na upenyo, uipashe kutoka nyuzi 20 hadi 1000. Shinikizo lake litapanda mara nne na kitu. Basi. Na hapo tumeipendelea, kwa sababu udongo mkavu umejaa vinyweleo, na hewa huvuja humo polepole joto likipanda.

Maji ni habari nyingine kabisa. Yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke huo unataka nafasi kubwa kama mara 1,600 kuliko maji yaliyouzaa. Ukibanwa, kwenye nyuzi 200 shinikizo lake linakaribia mara 15 ya lile la hewa tunayovuta. Tanuri likipanda taratibu, mvuke unajipenyeza kwenye vinyweleo na kutoka bila ugomvi. Likipanda haraka, foleni inakuwa ndefu, mlango mdogo, na ukuta wa chungu ndio unaoachia.

Sikiliza pia saa ya mlipuko. Vishindo husikika mapema, tanuri lingali jeusi, muda mfupi baada ya kuvuka nyuzi 100. Kama mkosaji ni hewa, kwa nini asingoje huko juu ambako nguvu zake ziko kileleni? Mwenye jibu aniletee.

Asiyeamini afinyange tufe lililofungwa pande zote, lenye vipande vya udongo vilivyoviringwa ndani ili likitikiswa lichachare. Hapo hewa imejaa tele. Aliache likauke wiki tatu, alipashe polepole mno, litatoka zima na litachachara. Halafu achukue donge nene kama ngumi, lililokandwa mpaka mikono ikauma, lisilo na kiputo hata cha kuapia, aliingize tanurini siku ya tatu. Asimame mbali.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa: imani hii ni nusu kweli, na nusu kweli ndiyo inayoifanya ing'ang'anie. Kiputo hukaa wapi? Hukaa kwenye sehemu nene, kwenye miguu ya tembo, kwenye kichwa kilichobandikwa juu ya shingo, kwenye kitako ambacho mwanafunzi hakukifikia kwa vidole. Huko huko ndiko maji yanakochelewa kutoka. Ukikusanya vigae ukaona shimo katikati, unamkuta hewa eneo la tukio na unamkamata. Mvuke umeshaondoka zake. Tena shimo lililofungwa hucheleweshea ukuta wa ndani kukauka, kwa sababu unyevu unaotokea upande huo hauna pa kwenda. Ndiyo maana tundu la sindano linasaidia kweli. Sikatai tundu. Toboa chini, mahali pasipoonekana, unene wa njiti ya kiberiti, kwa kila umbo lenye uwazi ndani. Ila ujue umefungulia unyevu njia, usije ukadhani umeshamaliza kazi. Mwalimu anayeamini hadithi ya hewa humdunga tembo sindano thelathini, akaridhika, akamchoma akiwa bado na maji tumboni.

Na kukanda pia kuna maana yake, nisije nikanukuliwa vibaya. Unakanda ili unyevu usambae sawasawa, madonge magumu yaishe, na ukuta usiwe na pahali dhaifu patakapobonyea chini ya kidole. Hizo ni sababu tosha.

Madhara makubwa zaidi ni pale walimu wanapokataza maumbo yenye uwazi ndani "kwa usalama". Mtoto anaambiwa afinyange sanamu nzito, bonge la udongo mtupu, eti halina hewa. Wamekimbia kivuli wakaangukia shimoni: umbo lenye ukuta wa sentimita moja hukauka kwa siku kadhaa, donge la sentimita nane huweza kukuchekea mwezi mzima.

Hapa ndipo ziara ya makumbusho inapopata kazi ya kufanya. Ziara ya kawaida naijua: wanafunzi sitini, makabati arobaini, karatasi ya maswali yenye "kimetoka wapi" na "cha mwaka gani", majibu yananakiliwa kutoka kwenye vibao bila jicho kutua kwenye kitu chenyewe. Mimi nachagua vitu vitatu vya udongo, dakika 20 kila kimoja, na maswali manne tu. Tundu liko wapi? Maungio yako wapi? Ukuta una unene gani kwenye mdomo, na unadhani una unene gani chini? Kimetengenezwa kwa pindi zilizopandishwa, yaani kamba za udongo zilizozungushwa moja juu ya nyingine, kwa bamba, au kwa kubonyezwa kwenye kalibu? Penseli laini, 2B inatosha, na ubao mgumu wa kuandikia. Kalamu za wino hazikubaliwi kwenye kumbi nyingi, na wako sahihi. Vitu vya udongo vina faida moja ambayo watu hawaitumii: mwanga hauvidhuru kama unavyodhuru karatasi na nguo, ambazo huwekwa kwenye gizagiza la luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa hiyo mara nyingi huangazwa vizuri na mtoto anaona alama za vidole.

Kabla ya ziara, uliza kama wana vigae vya kushikwa mkononi. Kigae kilichovunjika kinafundisha kuliko chungu kizima kwenye kioo. Geuza upande wa mvunjiko: utaona chembe za mchanga au za vigae vilivyosagwa ambazo mfinyanzi alichanganya makusudi, na mara nyingi mstari mweusi katikati, mwekundu pande zote mbili. Huo weusi ni kaboni ambayo moto haukuwa na muda wa kuimaliza. Mwache mwanafunzi aupime kwa rula. Hatasahau tena kwamba joto husafiri kutoka nje kwenda ndani, na kwamba katikati ndiko kunakochelewa.

Ukipata nafasi ya kuwaonyesha wanajeshi wa udongo wa Qin Shi Huang, mfalme wa kale wa China, waliofukuliwa karibu na mji wa Xi'an kuanzia 1974, hata kwa picha tu, waulize wanafunzi wanadhani ndani mna nini. Viwiliwili vina uwazi, vimejengwa kwa pindi. Miguu kwa sehemu kubwa imejaa udongo mtupu. Vichwa vya udongo vya Nok, utamaduni wa kale wa Nigeria, vina uwazi ndani pia, na mboni za macho zimetobolewa. Jeneza la Waetruski, watu wa kale wa Italia, lenye mume na mke waliojiegemeza, la mnamo mwaka 520 kabla ya Kristo, lililoko kwenye makumbusho ya Villa Giulia mjini Roma, lilichomwa kwa vipande vinne kwa kuwa ni kubwa. Ile miguu minene ya wanajeshi ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inawaumbua watu wa pande zote mbili: wanaoogopa uwazi, na wanaosema kinene lazima kipasuke. Kinene hakipasuki kwa unene wake. Kinapasuka kwa kuingizwa motoni kabla ya siku yake.

Sasa vipimo. Darasa la wanafunzi 36 wakifinyanga vyungu vya kubonyeza kwa mkono, gramu 500 kila mmoja, ni kilo 18. Andaa 22. Ukuta uwe milimita 6 hadi 10. Udongo wa shule uwe na asilimia 10 hadi 20 ya vigae vilivyosagwa au mchanga mkali. Unakwaruza vidole kidogo, lakini unapunguza kusinyaa na unafungulia mvuke njia. Sanamu yoyote inayozidi ngumi ifinyangwe ikiwa imejaa, iachwe hadi ikaze kama kipande cha sabuni, ikatwe kwa waya katikati, ikombwe ndani ukibakiza sentimita moja, kingo zikwaruzwe na kupakwa tope la udongo ule ule, kisha iunganishwe na kutobolewa chini. Mafunzo ya mwanzo huruka hatua hii kwa sababu inachosha. Ndiyo inayookoa kazi nyingi kuliko zote.

Kukausha: siku mbili tatu za mwanzo chini ya mfuko wa plastiki uliolegezwa, vishikio na masikio yakifunikwa zaidi kwa kuwa hukauka mbele ya mwili na kuchanika. Kisha wazi, juu ya wavu au vibao vyenye nafasi, ukigeuza kila siku ili kitako nacho kipate hewa. Wiki moja kwa vyembamba, mbili au zaidi kwa vingine. Methali inasema udongo uwahi ungali maji. Ni kweli kwa kufinyanga. Kwenye kuchoma, igeuze kichwa chini.

Utajuaje kimekauka? Kila mtu anafundisha jaribio la shavu: kiweke shavuni, kikiwa baridi bado kina maji. Nalitumia, na siliamini sana. Asubuhi ya baridi kila kitu ni baridi, na donge nene huwa limekauka ngozi huku moyo ukiwa tope. Mizani ni mwaminifu zaidi: pima, andika kwa penseli kwenye karatasi chini ya kitu, pima tena baada ya saa 24. Uzito ukiendelea kushuka, ngoja. Lakini hata mizani ina mwisho wake, maana udongo hukauka hadi ulingane na hewa iliyouzunguka, na hewa ikiwa na unyevu mwingi utabaki na maji yasiyotoka mpaka upashwe.

Kwa hiyo upashe. Nyuzi 80 hadi 90, kifuniko kimeinuliwa sentimita mbili, matundu yote wazi, saa 8 hadi 12, na mtu mzima wa kulichunga tanuri. Weka kioo kikavu mbele ya tundu. Kikifanya ukungu, maji bado yanatoka. Wapo wanaosema saa nne zinatosha, na kwa vyungu vya mfinyanzi mmoja anayejua unene wake nakubali. Kwa kazi za watoto 36, ambapo mmoja ameficha donge ndani ya kobe, sijaribu. Baada ya hapo nyuzi 60 kwa saa mpaka 600. Kati ya 450 na 600 kuna maji mengine yaliyofungwa kwenye udongo wenyewe kikemia, nayo hutoka bila vishindo ukiwa mpole. Kwenye 573 kwatzi, madini yaliyomo kwenye mchanga na udongo, hubadilika umbo, usikimbie hapo pia, hata wakati wa kupoa. Kisha nyuzi 100 hadi 150 kwa saa mpaka karibu 1000. Fungua likishuka chini ya 100, hata kama mwalimu mkuu amesimama mlangoni.

Nyuzi 60 kwa saa, nikiri, ni desturi zaidi ya sheria. Vitabu huchora mstari mnyoofu, ilhali kipimajoto cha tanuri kinasoma sehemu moja tu, na karibu na waya za joto hali ni nyingine. Vitu viwili vya donge moja, rafu moja, uchomaji mmoja: kimoja hupasuka, kingine hutoka kikitabasamu. Anayekupa sababu ya uhakika hapo anabahatisha kwa sauti kubwa.

Wanaochoma kwa kuni waziwazi moto wao hupanda kwa kasi ambayo tanuri la umeme lingeiota tu. Vyungu vyao hunusurika kwa sababu udongo wao una mchanga mwingi, kuta zina unene ulio sawa, na vyungu hupashwa kando ya moto kwa saa kadhaa vikizungushwa kabla ya kufunikwa kuni. Maji tena.

Panga kalenda kwa kuanzia mwisho. Maonyesho yakiwa wiki ya saba, kuchoma ni wiki ya tano, kukausha ni ya tatu na ya nne, kufinyanga ni ya pili, na makumbusho ni wiki ya kwanza. Kuwapeleka baada ya kufinyanga, kama zawadi, ni kuwaonyesha majibu mtihani ukishasahihishwa. Na meza zifutwe kwa sifongo chenye maji. Kufagia udongo mkavu ni kuwapa watoto vumbi la silika wavute.

Mwisho, soma vigae kabla ya kulaumu. Kitu kilichotawanyika vipande vidogo vyenye ncha, vikarukia na majirani zake, ni mvuke. Ufa wa herufi S kitakoni ni kukauka kusikolingana, wala haukuanzia tanurini. Sikio lililodondoka zima liliungwa likiwa na unyevu tofauti na mwili. Na kishimo kama cha kucha kinachobanduka wiki kadhaa baada ya chungu kufika nyumbani, chenye doa jeupe katikati, ni punje ya chokaa au plasta iliyochomwa, ikanywa unyevu wa hewani, ikavimba. Hiyo hutoka kwenye udongo uliokwanguliwa juu ya ubao wa plasta na kurudishwa kwenye ndoo. Weka ndoo yake peke yake.