Dagaa gani? Kuhusu miundombinu ya pamoja ya utafiti wa chakula, lishe na afya

Kila ninapoalikwa kwenye kikao cha kujadili miundombinu ya pamoja ya utafiti wa chakula, lishe na afya, yaani data na vifaa ambavyo taasisi nyingi zitavitumia kwa pamoja, mazungumzo huelekea haraka kwenye seva, mashine za maabara na bajeti. Kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kuoanisha data za ulaji zilizokusanywa na watu mbalimbali, mimi husubiri zamu yangu nikauliza swali linaloonekana la kitoto: tukiandika "dagaa", tunamaanisha dagaa gani?

Kwa mkazi wa Mwanza, dagaa ni Rastrineobola argentea wa Ziwa Victoria, ambaye Mkenya humwita omena na Mganda humwita mukene. Kigoma jina hilohilo ni la samaki wa Ziwa Tanganyika, hasa Stolothrissa tanganicae, na Unguja ni la samaki wadogo wa baharini. Hapo bado hatujauliza kama ni wabichi au wakavu. Takribani robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji; akianikwa, protini na madini hubaki katika uzito mdogo, hivyo gramu 100 za dagaa wakavu huwa na protini mara kadhaa ya gramu 100 za dagaa wabichi. Dodoso likiandika "dagaa" tu, anayeingiza data hulazimika kukisia, na kisio lake halitaonekana popote katika matokeo. Spinachi nayo ina kisa chake: mboga inayouzwa kwa jina hilo katika masoko yetu mara nyingi ni Beta vulgaris, ndugu wa bitiruti, na wala si Spinacia oleracea iliyopimwa katika majedwali ya virutubishi ya Marekani.

Dawa ya tatizo hili ipo, nayo ni kukipa kila chakula msimbo badala ya kutegemea jina. Mfumo wa FoodEx2, uliotengenezwa na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya na kutumiwa pia katika GIFT, jukwaa la data za ulaji la FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) na WHO (Shirika la Afya Duniani), huanza na msimbo wa chakula chenyewe, kisha huongeza sifa zake, kama vile spishi, namna kilivyokaushwa na namna kilivyopikwa. Msimbo wa namna hiyo unaweza kusomwa Kampala, Lusaka au Brussels bila mtu kulazimika kujua neno omena.

Majina yakishapatana, vinabaki vipimo, na hapa nina kosa langu mwenyewe la kusimulia. Nilikuwa naunganisha data za ulaji wa watoto kutoka tafiti mbili, na kundi moja likaonekana linapata vitamini A karibu mara mbili ya lingine, ilhali mboga zao zilikuwa zilezile, mchicha na matembele. Nilipoteza siku mbili nikitafuta sababu katika misimu ya mwaka, katika umri wa watoto, hata katika mizani. Sababu ilikuwa kwenye majedwali. Hesabu ya zamani huchukulia kwamba mikrogramu 6 za beta-karotini, ile ya mboga ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ni sawa na mikrogramu 1 ya retinoli, yaani vitamini A yenyewe. Hesabu iliyopendekezwa Marekani mwaka 2001 inadai mikrogramu 12. Kwa mfano, mboga yenye mikrogramu 3,600 za beta-karotini itahesabiwa kuwa na 600 katika jedwali la kwanza na 300 katika la pili, na kiwango kinachopendekezwa huko Marekani kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni hizohizo 300 kwa siku. Safu zote mbili ziliandikwa "vitamini A", bila neno la ziada.

Mtandao wa INFOODS, wa kimataifa wa data za virutubishi vya vyakula, ulioanzishwa mwaka 1984 na ambao sasa unaratibiwa na FAO, ulitunga vitambulisho vya kuzuia mkanganyiko wa aina hii: VITA kwa hesabu ya zamani, VITA_RAE kwa ile mpya. Wanga nao una kitambulisho cha CHOCDF pale unapopatikana kwa kutoa maji, protini, mafuta na majivu katika gramu 100, na kingine pale nyuzinyuzi zinapoondolewa pia. Ni vitambulisho visivyopendeza machoni, lakini laiti vingekuwepo kwenye safu zangu mbili, kazi ya siku mbili ingekuwa ya dakika tano.

Hatuanzi na mikono mitupu. Tanzania ilichapisha majedwali yake ya virutubishi vya vyakula mwaka 2008, na Kenya ikatoa toleo jipya mwaka 2018 pamoja na mapishi yake. Hata hivyo, majedwali mengi ya Afrika yameazima thamani kutoka kanzidata za nje, kwa kuwa kupima sampuli moja kwa virutubishi vyote ni gharama kubwa. Kuazima si dhambi, mradi kila thamani iandikwe ilikotoka.

Mapishi ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayosahaulika mno. Katika mafunzo ya wadadisi kwenye mji mmoja wa pwani, kijana mmoja alimhoji mama aliyekuwa amepika kisamvu cha nazi, akaandika: "Tui, vikombe viwili." Nikamwomba aulize tena.

"Shikamoo mama. Samahani, tui ulilotia ni la kwanza au la pili?"

"Marahaba mwanangu. La pili ndilo nililochemshia. La kwanza natia mwisho, kisamvu kikishaiva, la sivyo litakatika."

Kikombe kimoja cha tui zito na kimoja cha tui jepesi vinatofautiana sana kwa mafuta, na dodoso letu lilikuwa na nafasi moja tu ya kuandika "tui". Tuliigawa nafasi hiyo mara mbili jioni ileile.

Kuunganisha ulaji na afya, yaani kujua aliyekula hivi ana damu kiasi gani au shinikizo la damu gani, huleta suala la faragha. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Mimi naunga mkono utaratibu ambao kumbukumbu za wagonjwa hubaki kwenye taasisi zilizozikusanya, swali la mtafiti likapelekwa huko, na kinachorudi kikawa jumla na wastani pekee. Utaratibu huu, hata hivyo, hauwezekani kama kila taasisi ina dagaa wake.

Kinachonisumbua zaidi ni utunzaji. Fedha za mradi huisha baada ya miaka michache, tovuti ikazimwa, na faili likabaki kwenye kompyuta ya mwanafunzi aliyekwishahitimu. Katika bajeti ya mwisho niliyoshirikishwa nilipendekeza tupunguze seva moja, tuandike mshahara wa mtunza data mmoja wa kudumu. Mjumbe mmoja akaniuliza mtu huyo atakuwa akifanya nini siku ambazo hakuna mradi. Nikamfungulia orodha ya vyakula tuliyonayo, kwenye mstari wa dagaa.