Sonona isiyomlaza mtu kitandani

Iko sonona inayomwangusha mtu, nyumba nzima ikaiona. Na iko nyingine ambayo mwenye nayo huamka, huenda kazini, huitikia salamu, ila moyo wake ni mzito tangu mwaka juzi. Hii ya pili huchelewa sana kufika kwa daktari, kwa sababu mwenyewe ameshaizoea na ndugu wameshaiita tabia: "Yeye ni mkimya tu." Kwa hiyo sianzi kwa kuuliza huzuni ni kubwa kiasi gani. Nauliza: mara ya mwisho kukaa miezi miwili mfululizo moyo ukiwa mwepesi ilikuwa lini?

Swali hilo linatoka kwenye vigezo vya uchunguzi. Kwa mtu mzima tunazungumzia huzuni ya karibu siku nzima, katika siku nyingi zaidi kuliko zile za nafuu, kwa miaka 2 au zaidi, bila nafuu inayozidi miezi 2. Kwa watoto na vijana hutosha mwaka 1, na mara nyingi wao huwa wepesi wa hasira kuliko kuonekana na huzuni. Pamoja na huzuni hiyo yawepo angalau mawili kati ya haya: kula kidogo mno au kupita kiasi, kukosa usingizi au kulala sana, uchovu, kujiona huna thamani, akili kutotulia au kushindwa kuamua, na kukata tamaa.

Tafadhali usisubiri miaka 2 itimie. Kipimo hicho ni cha kuupa ugonjwa jina. Huzuni, au kutofurahia chochote, ikidumu wiki 2 na kuvuruga kazi, usingizi au uhusiano wako na watu, inatosha kukupeleka kituo cha afya.

Kujipima, tumia dodoso la PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukifikisha 10, nenda. Makosa mawili huharibu matokeo. La kwanza ni kujibu kwa kuangalia leo tu. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni kutoa sababu kabla ya kujibu: "Nachoka, lakini kazi ni nyingi," kisha unaandika 0. Dodoso linauliza kama unachoka, haliulizi kwa nini. Mwenye sonona ya muda mrefu anaweza pia kupata 7 leo na 7 tena baada ya miezi mitatu. Alama hiyo ni ndogo, lakini kama haishuki naye pia anahitaji kuonwa.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote zaidi ya 0 lisikae hadi kesho: mwambie mtu leo, muone mhudumu wa afya leo. Ukiwa tayari na mpango au njia, usibaki peke yako. Nendeni hospitali sasa, na dawa au sumu zilizomo nyumbani ziondolewe.

Ukienda, andika kwenye karatasi: ilianza lini, unalala saa ngapi, unakunywa pombe kiasi gani, unatumia dawa gani, na nini umeacha kufanya. Taja pia kama uliwahi kuwa na siku kadhaa za nguvu nyingi huku ukilala kidogo bila kuchoka. Wengi hulisahau hilo kwa sababu zilikuwa siku nzuri, kumbe dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mtu wa namna hiyo zinaweza kumpandisha nguvu na msisimko kupita kiasi. Tezi ya shingo isiyofanya kazi ya kutosha, upungufu wa damu na kisukari huleta uchovu unaofanana na sonona, hivyo usishangae ukipimwa damu.

Matibabu ni mazungumzo ya tiba, dawa, au vyote viwili. Wengi huacha dawa wiki ya pili, wakati kichefuchefu kimeshakuja na nafuu bado. Nafuu huanza kati ya wiki 2 na 4, na hukamilika wiki ya 6 hadi ya 8. Moyo ukitulia, dawa huendelea kwa angalau miezi 6, kisha hupunguzwa polepole chini ya daktari. Ukiikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na wasiwasi, ukadhani ugonjwa umerudi.