Kutopigana si kuoneana muhali: tunachojifunza kwa Ela Gandhi

Mohandas (Mahatma) Gandhi, kiongozi wa kudai uhuru wa India bila ya vita, alipita Unguja mwaka 1893 akielekea Afrika Kusini, akakaa siku nane au kumi akisubiri meli nyengine. Wengi kwetu huishia hapo. Mimi nafundisha vikundi vya kijamii njia za kudai haki bila ya kupigana, na namtazama zaidi mjukuu wake, Ela.

Ela alizaliwa 1940, akakulia Phoenix, makaazi ya pamoja karibu na Durban ambayo babu yake aliyaanzisha 1904. Watu walilima na kupiga chapa gazeti lao wenyewe, Indian Opinion. Baba yake, Manilal, alilihariri tangu 1920 hadi alipofariki 1956, na jela aliijua. Mwaka 1973 serikali ya kibaguzi ilimpiga Ela marufuku kushiriki siasa, akafungiwa nyumbani. Kazi ya kudai haki haikufa. Ndiyo maana vikundi ninavyovifundisha navitaka daftari, fedha na orodha ya wanachama vijulikane na watu watatu, si mmoja. Mwenyekiti akizuiwa, wawili wanaendelea.

Babu aliiita njia yake satyagraha, yaani kuishikilia kweli. Neno hilo halina upole wa kunyamaza. Pemba inajua: mwaka 1937 ilipotoka sheria ya kuuweka ununuzi wa karafuu mikononi mwa chombo kimoja, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma kununua, na chama cha Congress huko India kikawaunga mkono kwa kuzisusia karafuu za Zanzibar. Mwaka 1938 serikali ilikaa mezani. Silaha ilikuwa kususia tu, lakini shinikizo lilikuwa kali, na mkulima naye aliumia.

Baada ya ubaguzi kuanguka Ela alikuwa mbunge, 1994 hadi 2004, na alianzisha mpango wa saa 24 dhidi ya ukatili wa majumbani. Kwangu hili ndilo funzo kubwa: mrithi hakuishia kwenye maandamano ya babu, aliipeleka nidhamu ile ile kwenye jeraha la wakati wake.

Jeraha letu Zanzibar ni udhalilishaji wa kingono, na hapa watu wema hukosea. Wanadhani kutopigana ni kukaa barazani na kumalizana kifamilia. Huo ni muhali, yaani kuoneana haya, na muhali ni kuiacha kweli. Mtoto akidhalilishwa asikogeshwe, na nguo zake zisifuliwe. Zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni hutunza unyevu na ushahidi huoza. Afikishwe mara moja kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliodhalilishwa, kwani dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Asihojiwe na kila shangazi na mjomba. Mtu mmoja amsikilize na aandike maneno yake kama alivyoyasema. Na mtuhumiwa asiguswe. Akipigwa na majirani, kesi hugeuka kuwa ya kipigo, na shahidi wa kwanza huanza kuogopa kwenda mahakamani.