Yule bondia wa Roma si picha ya pasipoti

Kila muhula, nikionyesha slaidi ya Bondia Aliyeketi, sanamu ya kale ya Kigiriki, hakosi mwanafunzi wa kusema: "Mwalimu, hapa ndipo Wagiriki walipoacha kupamba, wakaonyesha mtu kama alivyo." Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

Tukubaliane kwanza na kilichopo. Sanamu ni ya bronzi, ilifukuliwa Roma mwaka 1885 kwenye kilima cha Quirinal. Pua imevunjika, masikio yamevimba kama maandazi, mikono bado imefungwa kamba za ngozi. Damu ni shaba nyekundu iliyopachikwa ndani ya bronzi, na matone yamedondokea mkono na paja la kulia kwa sababu kichwa amekigeuzia huko. Hata uvimbe chini ya jicho umetiwa bronzi ya mchanganyiko mwingine, uonekane umevilia damu.

Haya, sasa shuka chini ya shingo. Kifua kipana, misuli imejaa, hakuna mchubuko hata mmoja. Ngumi za wakati ule zililengwa zaidi kichwani, kwa hiyo mwili tunaweza kuusamehe. Ndevu je? Zimepangwa msokoto kwa msokoto, utadhani katoka kwa kinyozi! Fundi alichagua pa kuumiza na pa kuacha, na hata huruma unayoisikia aliipigia hesabu. Ndiyo maana nawaambia: sanamu ya Kihelenisti, yaani ya Kigiriki ya zama zilizofuata kifo cha Aleksanda Mkuu, ianze miguuni, uso uwe wa mwisho. Ukianza na uso utashikwa na majonzi, na macho hayatafanya kazi tena.

Eti baada ya Aleksanda sanaa ilikufa? Hiyo tumeachiwa na Plinio, mwandishi wa Kirumi, aliyeandika kwamba ilikoma kwenye Olimpiadi ya 121 (kama 296 K.K.; Olimpiadi ni kipindi cha miaka minne) ikafufuka ya 156 (kama 156 K.K.). Altare ya Pergamo, mji wa kale wa Kigiriki katika Uturuki ya leo, yenye majitu yanayougulia maumivu kwenye ukanda wa zaidi ya mita 110, ilianza kujengwa ndani ya pengo hilohilo, enzi ya Mfalme Eumenes II (197–159 K.K.). Maiti gani huyo?

Na eti sanamu za marumaru zilikuwa nyeupe tupu? Zilipakwa rangi: nywele, midomo, nguo. Tuendelee.

Na wale wanaodhani kila sanamu ya zama hizo inalia au inakunja uso, nawapeleka makumbusho ya Louvre, Paris, kwa Afrodite wa Milo, sanamu ya mungu wa kike wa mapenzi. Ni wa zama hizohizo, na katulia kama maji mtungini.