Kisanduku kitupu hakimaanishi herufi imepotea

Wengi wanaamini kwamba ukifungua maandishi ya Kitibeti ukakuta safu ya visanduku vitupu, basi faili limeharibika. Ni rahisi kuamini hivyo, maana jicho halioni kitu kingine.

Lakini kompyuta haihifadhi umbo la herufi, huhifadhi namba yake. Katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, herufi ya kwanza ya Kitibeti, ཀ (ka), ni U+0F40. Umbo huchorwa na fonti. Fonti ikikosa umbo hilo, kifaa huchora kisanduku mahali pake, na namba inabaki salama.

Kitibeti kina uzuri wake hapa: herufi hupandana. Katika རྐ, ra imekaa juu na ka chini, na ka hiyo ya chini ina namba yake yenyewe, U+0F90. Kwa hiyo huenda ukaona visanduku viwili pale ambapo msomaji wa Kitibeti angeona umbo moja.

Ukitaka kuhakikisha, nakili kisanduku ukibandike kwenye kifaa chenye fonti ya Kitibeti, au kwenye tovuti inayoonyesha namba za herufi. Ikitokea 0F40, ka ipo.

Alama za kuuliza ni habari nyingine. Ukibandika ukapata 003F, hiyo ni alama ya kuuliza halisi: kuna programu iliyoshindwa kuhifadhi herufi, ikaandika “?” badala yake. Nakala hiyo haiponi kwa kuongeza fonti. Itafutwe ya awali.