Spishi si kabila, wala si ekika

Jumamosi iliyopita, chini ya mwembe tunapokutania hapa Kampala, binti mmoja aliyekulia Arua alitusomea ukurasa wa kwanza wa hadithi yake. Inahusu sayari ya mbali yenye viumbe mfano wa ndege, na viumbe hao amewaita Wasirua. Akasoma: "Wasirua ni spishi ya wapiganaji. Huzungumza Kisirua, humwabudu mungu wa upepo, na huwachukia wageni." Wenzake wakapiga makofi, nami nikabaki nimeshika kalamu. Sentensi ile, kwa majina mengine, nimeikuta karibu katika kila hadithi ya viumbe wa kubuni niliyoletewa nisahihishe. Siku za wiki nafundisha biolojia sekondari, Jumamosi nawasomea kazi vijana wanaoandika kwa Kiswahili, na kote kuwili neno "spishi" linateswa. Leo naomba nilitetee.

Maana yake ni fupi. Spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wenyewe kwa wenyewe katika maisha yao ya kawaida, wakapata watoto ambao nao huzaa, na ambao hawazaani hivyo na makundi mengine. Ernst Mayr, aliyeieleza hivyo mwaka 1942, alikuwa mtaalamu wa ndege, na maelezo yake yana matundu: bakteria hawaoani, na mifupa iliyogeuka mawe haiwezi kutuambia ilizaa na nani. Kwa kazi yetu yanatosha. Korongo taji aliye katikati ya bendera ya Uganda ni spishi moja, Balearica regulorum. Wa Afrika Mashariki na wa kusini mwa Afrika wanatofautiana kidogo usoni, kwa hiyo huhesabiwa kuwa nususpishi mbili, na bado ni spishi ile ile. Katika maelezo hayo yote hutakuta lugha, dini, ukali wala ukarimu.

Sasa kosa limetoka wapi? Sehemu yake imo ndani ya neno lenyewe. Kiswahili kimelipata kutoka Kiingereza kupitia vitabu vya sayansi, na Kiingereza kililichukua Kilatini kama lilivyo: species. Kwa Warumi halikuwa neno la wanyama. Shina lake ni kitenzi specere, yaani kutazama, na maana yake ya kwanza ni sura, jinsi kitu kinavyoonekana. Baadaye likawa neno la kupangia vitu, vinavyofanana vikae pamoja. Wafanyabiashara wa Ulaya ya zama za kati wakaziita hivyo bidhaa zao za aina aina, pilipili manga, mdalasini, karafuu, na mpaka leo neno la Kifaransa na la Kiingereza la viungo vya chakula ni ndugu wa tumbo moja na spishi. Mama anayepima iliki kwa kijiko pale sokoni Owino anauza spishi kwa maana ya wafanyabiashara hao.

Neno basi lilianzia machoni, na wataalamu nao kwa muda mrefu waliyategemea macho. Yuko ndege mkubwa wa kijivu kwenye kinamasi cha Mabamba, upande wa Entebbe, mwenye mdomo kama kiatu. Waarabu humwita Abu Markub, baba wa kiatu. Kwa kumtazama tu, miguu ile mirefu na ule mdomo mzito, aliwekwa miaka mingi pamoja na makorongo. Chembe za urithi zilipochunguzwa, ndugu zake wa karibu wakaonekana kuwa ni mwari na fundichuma. Korongo wa jamii hiyo (si ya korongo taji wa bendera, ingawa Kiswahili kinawapa jina moja) ni kalooli, yule anayesimama juu ya taka zetu hapa mjini. Mmoja alikuwa nje ya ukuta siku ile binti akisoma: kichwa kipara chenye nywele chache, mfuko wa ngozi ya waridi ukining'inia shingoni, miguu imekauka weupe kwa kinyesi anachojimwagia mwenyewe ili apoe. Ukiwaweka hawa wawili pamoja, jicho litasema ni ndugu. Ndiyo maana siku hizi spishi ni habari ya uzazi na nasaba kwanza, na sura hufuata nyuma kama shahidi asiyeaminika sana.

Hapo hapo niseme jambo jingine, kwa kuwa kijana mmoja aliuliza kwa nini tusiwaite Wasirua ndege tu, tukamaliza. Ndege ni jina la ukoo. Ndege wote wa duniani wana babu mmoja miongoni mwa dinosaria. Kiunzi cha kiumbe wa kale aitwaye Archaeopteryx, kilichotambuliwa Ujerumani mwaka 1861, chenye umri wa miaka milioni 150 hivi, kina manyoya ya ndege pamoja na meno na mkia mrefu wa mifupa. Kiumbe wa sayari nyingine hawezi kuwa na babu huyo hata akiota manyoya mazuri kuliko ya tausi. Kuruka hakutoshi kumfanya ndege. Hapa duniani mbawa zimetokea mara nne, kila mara kwa njia yake: kwa wadudu, kwa wale watambaazi warukao waliokwisha kutoweka, kwa ndege, na kwa popo. Novemba ukikaa na beseni la senene ukiwanyonyoa, ile mbawa inayokuganda kwenye vidole haina mfupa hata mmoja. Ya popo ni vidole vilivyorefuka vikatandwa ngozi. Ya kuku ni mkono, na ukimenya vizuri kwenye sahani utaona mabaki ya vidole vitatu vilivyoshikana nchani. Msirua ni kiumbe mfano wa ndege, basi, na neno "mfano" lisidondoshwe.

Nirudi kwenye kabila, maana ndipo panaponiuma. Nalo ni neno lililotujia, kutoka Kiarabu, qabila. Wenye kamusi wa kale wa Kiarabu wanalihusisha na vipande vya fuvu la kichwa, vile vinavyokutana kwa mishono na kufanya kichwa kimoja. Ninalipenda sana jambo hili. Maana yake kabila, tangu kwenye shina la neno, ni kipande cha kitu kizima. Ukisema "spishi" pale ulipotaka kusema "kabila", umekiita kipande kichwa.

Hapa Buganda kuna kishawishi kingine ambacho sijakiona katika kitabu chochote, ila nakiona kila wiki kwenye madaftari. Kwa Kiganda, ekika ni ukoo, na ekika hicho hicho ni aina: ekika cha chakula, ekika cha nguo. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiganda akitafuta neno la kisayansi la aina, anapita kwenye ekika, anafika kwenye spishi, na ule ukoo unamfuata nyuma bila yeye kujua. Tena koo zenyewe zina majina ya viumbe: Ngaali ni korongo taji, Nsenene ni senene, Mamba ni yule samaki kamongo. Haishangazi watu wanachanganya. Lakini tazama tofauti ilivyo kubwa. Watu wa ekika kimoja, kwa desturi, hawaoani, wanahesabiana ndugu. Spishi ni kinyume chake, ni wale hasa wanaoweza kuzaana. Mtu wa Ngaali hatafuti mchumba Ngaali. Korongo hana pengine pa kumtafuta. Nikilieleza hivi darasani, nyuso hufunguka, na sihitaji kulirudia.

Kiswahili chetu nacho kinatusukuma. Ukishaandika Wa-, mkono unaendelea wenyewe na Ki-: Waacholi na Kiacholi, Wasirua na Kisirua. Viambishi hivyo vimezoea kubeba makabila. Tembo hatumwiti Mtembo, wala sauti zake hatuziiti Kitembo. Mwandishi anapoamua kwamba viumbe wake wana akili, wanasema, wanajenga, ni haki yake kuwapa Wa-, nami nisingemnyima. Ila ajue kwamba herufi hizo mbili zimekuja na mzigo: lugha moja, mila moja, tabia moja, adui mmoja.

Msidhani ni kosa la wanagenzi peke yao. Carl Linnaeus, Mswidi aliyetuachia desturi ya kuipa kila spishi majina mawili ya Kilatini, mwaka 1758 aliwaweka binadamu wote chini ya Homo sapiens, na hapo alikuwa sahihi. Kisha akawagawa kwa mabara, na katika orodha ile ile, karibu na rangi ya ngozi na aina ya nywele, akaandika namna kila kundi linavyotawaliwa: Mzungu kwa sheria, Mwasia kwa maoni, Mwafrika kwa matakwa yake ya ghafla. Utawala na tabia, mambo ambayo watu huyajenga na kuyabomoa, akayapanga safu moja na nywele. Sentensi ya binti yetu imefumwa kwa uzi huo huo: spishi, halafu wapiganaji, halafu mungu wao, halafu chuki yao, kana kwamba vyote vinatoka kwenye yai. Yeye hakukusudia ubaya wowote. Lakini nimesikia mtu mzima, ndani ya teksi, akisema watu wa upande fulani wa nchi hii "ni spishi nyingine", na abiria wakacheka. Katiba yetu ya mwaka 1995 iliorodhesha jamii za asili 56, na marekebisho ya mwaka 2005 yakazifikisha 65. Zote 65 ni spishi moja, wanaoana kila mwisho wa wiki, na watoto wao wako madarasani kwangu.

Nilipomweleza binti haya, alinibishia kwa heshima. "Mwalimu, lakini kama Wasirua wote ni spishi moja, si walianzia sehemu moja? Basi si watakuwa na mila moja?"

"Hata sisi tulianzia sehemu moja, mwanangu," nikamwambia. "Wote, Afrika hii hii."

Akanyamaza, akafungua daftari upande wa nyuma, akanionyesha michoro yake. Na hapo ndipo nilipoona ana kipaji, kwa sababu spishi alikuwa ameshaichora vizuri kabla ya kuiharibu kwa sentensi. Sayari yake ina hewa nzito. Hilo ni muhimu, maana hapa duniani tandawala, ambaye ni mmoja wa ndege wazito kuliko wote wanaoruka, anafika kilo 18 au zaidi kidogo, na hunyanyuka kwa shida. Kiumbe mwenye uzito wa mtu anahitaji hewa ya kumbeba. Mifupa ameichora mitupu ndani, yenye vijiti vya kuikaza kama paa la bati. Kwenye kiwiko cha bawa ameweka kucha mbili za kushikia, kwa kuwa anayeruka kwa mikono hana mikono ya kufanyia kazi, na swali hilo waandishi wengi hulikimbia. Msirua hutaga yai moja tu, dume na jike hupokezana kuliatamia, na kinda hukaa kiotani miaka mingi akijifunza. Hizi ndizo habari za spishi. Zinamhusu kila Msirua, wa kaskazini na wa kusini, mcha Mungu na asiyeamini, mpole na mkorofi.

Lile neno "akijifunza" ndilo mlango wa kutokea. Kinda anayejifunza atajifunza kwa waliomzunguka, na walio mbali watamfunza mwenzake vingine. Hata ndege wetu wa kawaida wako hivyo. Peter Marler na wenzake waliwachunguza huko California ndege wadogo wenye michirizi myeupe kichwani, wakakuta madume wa eneo moja wana wimbo wao, na wa eneo jirani, mwendo wa kilomita chache tu, wana wimbo tofauti, kwa sababu kila kinda huushika wa wakubwa anaowasikia. Spishi moja, lafudhi nyingi. Kama ndege mdogo asiye na soko wala hekalu ana lafudhi ya mtaa wake, Msirua mwenye mashujaa, madeni na nyimbo za maombolezo atakosaje kuwa na makabila? Atakuwa na Wasirua waliohama wakati wa ukame, na waliobaki, na wanaosimulia kwamba hapakuwa na ukame wowote. Hapo historia inaanza kupata pa kusimama.

Sikumfutia kitu. Nilichukua penseli nikaandika juu ya mstari wake wa kwanza: "Wasirua ni spishi moja yenye mbawa. Wale wa majabali ya mashariki ni wapiganaji, na humwabudu mungu wa upepo." Kisha neno "Kisirua" nikalizungushia duara, nikaweka alama ya kuuliza pembeni.

Akalitazama duara lile muda mrefu. "Na wale wa bondeni husema nini?"

Nikamwambia aje na jibu Jumamosi ijayo.