Panya mzee ndani ya MRI: ubaridi unavyodanganya picha

Mzee wa mtaa wa Langoni au Mkomani akianza kurudia swali lilelile, watu wa nyumbani husema ni utu uzima. Huenda ni hivyo, huenda ni maradhi. Kufuatilia tofauti hiyo kwa binadamu huchukua miongo. Panya wa maabara huwa mzee kwenye miezi 18 hadi 24, kwa hiyo yuleyule hupigwa picha za MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, akiwa na miezi 4, 12 na 20, bila kuuawa.

Shida ni udogo. Ubongo wake hauzidi nusu gramu, na gamba lake la juu lina unene wa karibu milimita 1. MRI ya hospitali, yenye nguvu ya sumaku ya Tesla 1.5 au 3, huchora kwa vipande vya takriban milimita 1. Gamba zima lingemezwa na kipande kimoja. Ndiyo maana hutumiwa sumaku za Tesla 7 au 9.4, na antena ndogo inayokaa juu ya kichwa. Kipande cha milimita 0.1 kila upande kina ujazo mdogo mara 1,000, na mawimbi yake hufifia vivyo hivyo. Kwa hiyo upigaji hurudiwa tena na tena, mpaka saa nzima ipite.

Panya hatulii saa nzima ila kwa usingizi wa dawa. Gesi ya isoflureni huanzwa kwa asilimia 3 hadi 4, kisha hushushwa hadi 1 au 1.5. Meno hushikwa, macho hupakwa mafuta yasikauke, pumzi husomwa kwa kimto chini ya kifua.

Hata hivyo, tunaloliogopa zaidi ni baridi. Panya aliyelala hupoteza joto upesi, mzee zaidi. Moja ya vipimo muhimu ni mwendo wa maji kwenye nyuzi za ubongo, nao hupungua takriban asilimia 2 kwa kila digrii inayoshuka. Panya kijana akiwa na digrii 37 na mzee 34, utaandika “uzee” mahali palipokuwa na baridi tu. Mpira wa maji ya uvuguvugu upite chini yake, kipimajoto kisitolewe hadi mwisho.

Isoflureni nayo hutanua mishipa, hivyo anayepima mtiririko wa damu afikirie dawa nyingine.

Tena panya wa kawaida hapati mwenyewe Alzheimer, maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Hubadilishwa jeni kwanza. Nyuzi nyeupe, zinazounganisha sehemu za ubongo, ni kama asilimia 10 tu ya ubongo wake, zetu hukaribia nusu. Kwa hiyo mzee wa nyumbani apimwe yeye: presha, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, kabla ya kufikiria picha yoyote.